Mita 9 za Kitambaa

Kwetu Jambiani, Zanzibar, upepo ukizidi mtu hupunguza kitambaa. Hilo halina mjadala. Mwenye ngalawa hutweka tanga dogo, mwenye kaiti, ile tiara kubwa ya kumvuta mtu juu ya ubao majini, huiacha ya mita 12 za mraba mchangani akachukua ya 9 au ya 7, na asiyetaka kupunguza tunamwita bingwa au tunamwita mjinga, kutegemea karudi vipi. Anayetaka kutamba hutweka kubwa. Nenda kwenye resi za ngalawa ukajionee: chombo chembamba cha mti wa mwembe kimebebeshwa tanga ambalo siku ya kazi lisingetoka ndani, vijana wamening'inia kwenye mrengu ili kisilale, na ufukweni vigelegele. Ubavu kwetu ni upana wa kitambaa.

Warukaji wa parachuti wameligeuza jambo hili juu chini. Kwao mwanagenzi ndiye anayepewa kitambaa kikubwa, na kadiri anavyojiona amekomaa ndivyo anavyonunua kidogo zaidi, mpaka wale wanaosifiwa na kuogopwa wakawa wananing'inia chini ya kitu ambacho mimi, kwa macho ya fundi, ningekiita kipande. Mtu wa nje hudhani hatari ya mchezo ule iko mlangoni mwa ndege. Ipo, sikatai. Lakini miaka hii sehemu kubwa yake imehamia kwenye ukubwa wa kitambaa, na mrukaji huichagua mwenyewe, akiwa amekaa kitako, hajavaa hata viatu, anapitia bei.

Mimi ni fundi wa kushona kaiti. Kazi yangu ni viraka, mishono iliyofumuka, mipira ya ndani iliyotoboka na valvu zilizobanduka kwa joto. Sijawahi kuruka kutoka ndegeni wala sina nia hiyo. Kitambaa ndicho kilichoniletea habari hizi mlangoni. Msimu mmoja wa kaskazi alikuja mgeni aliyetokea Diani, upande wa Kenya, ambako kuna kituo cha kuruka na watu hutua karibu kabisa na bahari. Parachuti yake ilikuwa imelowa maji ya chumvi. Alihitaji maji matamu ya kuisuuza na kivuli cha kuianika, maana jua letu hula nailoni. Kivuli ninacho. Tukaitandaza juu ya mikeka barazani, naye kwa kuwa alikuwa na Kiswahili cha kutosha cha bara na muda wa kupoteza, tukazungumza mpaka alasiri.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kile ninachokifanya kwa kitambaa chochote nisichokijua: nilikiweka mdomoni nikapuliza. Pumzi haikupita hata chembe. Kwa nje kilikuwa laini chenye utelezi, kimepakwa silikoni, na nilipokikunja kiganjani kilijifungua chenyewe kikatoroka. Akacheka, akaniambia kwamba kukunja parachuti mpya ya namna ile ni kupigana nayo, hewa haitaki kutoka.

Kisha nikaingiza mkono ndani. Parachuti hizi hazifanani na mwavuli tunaouona kwenye picha za wanajeshi, lile duara lenye mtu katikati. Hii ni ya mstatili, ncha zake zimesinyaa kidogo kuelekea pembeni, na ina ngozi mbili, ya juu na ya chini. Katikati ya ngozi hizo zimeshonwa kuta nyingi za kitambaa zinazoigawa kuwa vyumba. Yake ilikuwa na vyumba 9. Nyingine huwa na 7. Mbele vyumba viko wazi, nyuma vimefungwa. Kuta zina matundu ya mviringo ili hewa itembee kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ndani hamna mpira wa kujazwa, wala kijiti, wala waya. Ikishuka, upepo huingia kwa mbele, hukosa pa kutokea, na kitambaa hukaza kikawa bawa. Bawa kamili, lenye mgongo wa juu uliobinuka, linalopaa mbele kwa kasi huku likishuka taratibu.

Nikamuuliza ukubwa. Akasema futi 97 za mraba. Nikapiga hesabu pembeni ya kiraka nilichokuwa nimekiandaa: mita 9 na nukta.

Hapo ndipo niliposhtuka. Kaiti ya mita 9 ndiyo ninayoishona kuliko zote. Wakati wa kusi, upepo unapotulia kwenye kasi yake, pwani ya Paje, kijiji jirani, yote imejaa mita 9. Najua upana wake kwa mikono; najua meza yangu haiitoshi na lazima niikunje mara mbili. Na siku zote nimeijua kama kitu cha kumvuta mtu aliyesimama juu ya ubao, maji yakiwa yamembeba. Huyu bwana alikuwa anashuka nayo kutoka angani, yeye na mzigo wake wote, bila ubao wala maji.

Undugu wa vitu hivi viwili si wa kubahatisha. Parachuti za zamani zilikuwa na kazi moja tu, kuzuia. Tarehe 22 Oktoba 1797 Mfaransa André-Jacques Garnerin alijikata kutoka kwenye puto juu ya Paris akashuka na mwavuli wake akiyumba vibaya mno, kwa sababu hewa iliyojaa ndani haikuwa na njia ya kutokea ila kwa kumwagika upande huu na upande ule. Baadaye wakatoboa tundu kileleni, mwavuli ukatulia, na kwa zaidi ya karne moja watu wakaendelea kushuka popote upepo utakapowapeleka. Aliyegeuza mambo ni Domina Jalbert, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi Marekani, na kazi yake ilikuwa tiara na mabaluni. Mwaka 1964 alipeleka ombi la hataza ya bawa la vyumba vinavyojazwa na upepo wenyewe, akapewa mwaka 1966. Parachuti zote za mstatili zinazorukiwa leo zimetoka kwenye wazo hilo, na Wafaransa walioanza kukimbia kutoka mlimani Mieussy mwaka 1978 na kupaa bila ndege waliondoka na parachuti za namna hiyohiyo. Kwa hiyo mrukaji ananing'inia chini ya tiara. Nilimwambia mgeni wangu hivyo, akakubali kwa shingo upande. Nadhani alipenda zaidi kuiita bawa.

Sasa turudi kwenye ukubwa, maana ndiko kuliko na uzito.

Warukaji wana hesabu moja wanayoijua wote. Unachukua uzito wa mtu na vifaa vyake vyote kwa ratili (ratili moja ni karibu nusu kilo), unaugawa kwa futi za mraba za kitambaa. Mgeni wangu na mkoba wake alikuwa na ratili 200, na kitambaa chake futi 97: ratili 2 na ushei kwa kila futi. Mwanafunzi huwekwa kwenye ratili 1 au pungufu, kwa kitambaa cha futi 230, 260 au hata zaidi. Parachuti ya watu wawili, ile anayofungwa mtalii kifuani mwa mwalimu, huzidi futi 300. Namba hiyo ikipanda, kila kitu huenda mbio. Ukiizidisha mara mbili, kasi haizidi mara mbili, huzidi kwa kama asilimia 40, na mtu akisikia hivyo huona nafuu. Ila kuna jambo ambalo hesabu hiyo hailisemi: kitambaa kidogo kina kamba fupi, na kamba fupi maana yake kila kosa hujibiwa papo hapo. Vuta kishikio cha kulia kwenye futi 260, utageuka taratibu, utapoteza kimo kidogo, utapata muda wa kujuta. Vuta hivyohivyo kwenye 97, kitambaa kitazama upande mmoja, wewe utarushwa nje, na chote kitachimba kuelekea chini kabla hujamaliza kufikiri. Ukiwa juu sana hiyo ni raha. Ukiwa mita 30 kutoka ardhini, umekwisha.

Na wengi wanaofia kwenye vitambaa vidogo hufa hivyo. Parachuti imefunguka vizuri, haina kasoro, kamba zote ziko mahali pake, mrukaji ana uzoefu wa miaka. Amebakiwa na sekunde chache atue, akaona kizuizi au mtu mbele yake, akageuza kwa nguvu akiwa chini mno. Au alikusudia: kuna mchezo mzima wa kupiga mbizi kwa makusudi karibu na ardhi ili kasi ya kushuka igeuke kasi ya kwenda mbele, halafu mtu anateleza juu ya bwawa, vidole vya miguu vikichana maji, kwa mwendo unaozidi kilomita 100 kwa saa. Unapendeza, siwezi kusema uongo. Nilioneshwa kwenye simu nikarudia kuangalia.

"Fundi," mgeni aliniambia, "kuanguka hakunitishi. Kutua ndiko."

Nikamuuliza kwa nini basi asinunue kubwa. Akanitazama kwa namna ambavyo ami yangu, Mungu amrehemu, angenitazama kama ningemwambia aende resi na tanga la kuvulia.

Ami alikuwa fundi wa matanga na nahodha. Aliamini kwamba tanga kubwa humfunza mtu adabu, kwa sababu halisamehe. Mgeni naye aliniambia maneno yaleyale kuhusu kitambaa kidogo, na wawili hawa wasingekaa meza moja wakaelewana kwa lolote jingine. Sikubaliani na yeyote kati yao. Kisichosamehe humfunza aliyebaki tu. Aliyekwenda hakufunzwa kitu.

Lakini kinachonivutia zaidi ni namna kitambaa kilivyofikia kuwa kidogo kiasi hicho, kwa sababu hakuna aliyekaa akasema, jamani, tutengeneze kitu cha hatari. Ilikuwa kinyume chake. Nailoni ya mwanzo ilikuwa ikipitisha hewa kidogo, na kila ilivyorukiwa ilizidi kuchoka na kupitisha zaidi. Baada ya miruko mia kadhaa parachuti ilikuwa inashuka kwa kishindo. Kwa hiyo ulihitaji kitambaa kikubwa, ukitaka usitake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 kikaenea hiki cha silikoni, kisichopitisha hewa kabisa na kinachodumu. Faida tupu: unatua kwa ulaini, na miaka mitatu baadaye bado unatua kwa ulaini. Na watu waliifanyia nini faida hiyo? Wakapunguza futi. Kitambaa kipya cha futi 150 kilikuwa kinatua vizuri kuliko cha zamani cha 220, basi kwa nini ubebe 220? Kisha wakasinyaza ncha ili kigeuke haraka, kisha wakaongeza kuta za mshazari ndani ili bawa likaze zaidi, na kila hatua ikawaruhusu kupunguza tena. Usalama ulikuja kama mshahara, ukatumika wote mwezi uleule.

Yuko Mmarekani mmoja, Bill Booth, ambaye ameyaona haya kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu vifaa vingi vya usalama vya mchezo huu vimepita mikononi mwake. Katikati ya miaka ya 1970 alibuni pete tatu. Mgeni alinionesha zinavyofanya kazi kwa vitendo. Aliufunga mkanda wa begani kwenye boriti ya baraza, akanivisha hanesi, ile mikanda ya mwilini, akaniambia nikunje magoti nining'inie. Begani pana pete kubwa. Ndani yake imepenyezwa pete ya wastani ikakunjwa. Ndani ya hiyo ndogo. Na ile ndogo imezuiwa na kitanzi chembamba cha kamba kilichopitishwa waya wa manjano. Kila pete inapunguza mzigo unaofika kwenye inayofuata, kwa hiyo uzito wangu wote, ukishafika kwenye kile kitanzi, umebaki kitu cha kuzuiwa na kamba ya kufungia kanzu. Akavuta waya kwa vidole viwili. Nikajikuta nimekaa sakafuni, na watoto waliokuwa wakichungulia wakataka na wao.

Kabla ya pete hizo, mtu ambaye parachuti yake kuu imeharibika alikuwa akihangaika na vifungo vya chuma begani, kimoja baada ya kingine, ndipo apate kufungua ya akiba. Pete ziliyamaliza hayo kwa mvuto mmoja. Na Booth huyohuyo ndiye anayejulikana kwa kanuni inayosema, kwa maneno yangu, kwamba vifaa vikizidi kuwa salama warukaji nao huzidisha ujasiri mpaka vifo virudi palepale. Mtu aliyebuni dawa ndiye anayesema wagonjwa wataitafutia maradhi mapya.

Ushahidi anao. Mwaka 1991 Mjerumani Helmut Cloth alileta kifaa kidogo kinachoitwa CYPRES. Kinapima kimo na kasi. Kikiona mtu yuko kama mita 225 kutoka ardhini na bado anaporomoka kwa kasi ya mita 35 kwa sekunde au zaidi, hujua hakuna kilichofunguka, hukata kitanzi, na parachuti ya akiba hutoka yenyewe. Watu wengi wako hai kwa sababu yake, waliozimia, waliopoteza hesabu ya kimo, waliogongana hewani. Vifo vya kutofungua vikashuka. Katika miaka hiyohiyo vifo vya kutua chini ya parachuti nzima vikapanda, na hapo kifaa hakina la kusaidia, kwa sababu kwa macho yake kila kitu ni shwari. Jambo la kuchekesha, kama unaweza kucheka, ni kwamba vitambaa vilifikia kwenda kasi hata kifaa kikaweza kudanganyika, kikadhani mtu aliyefungua parachuti na kupiga mbizi bado anaporomoka bila kufungua. Ikabidi litengenezwe toleo la wapenda kasi, linalosubiri mpaka mita 46 kwa sekunde. Hebu fikiria: chombo cha kushushia mtu salama kimekimbia hadi kikafananishwa na kuanguka.

Hata hivyo sitaki kumpa Booth ushindi wote. Chama cha warukaji cha Marekani huchapisha hesabu za vifo kila mwaka. Katika miaka ya 1970 wastani wao ulizidi vifo 40 kwa mwaka. Mwaka 2023 walikufa 10, katika miruko ipatayo milioni 3.65. Kama ujasiri ungekula usalama wote, namba hizo zisingeshuka hivyo. Kuna kilichobaki mfukoni. Sehemu ni vifaa, sehemu ni mafunzo, na sehemu, mimi nadhani kubwa kuliko wanavyokiri, ni watu kuanza kuambiana ukweli kuhusu ukubwa wa kitambaa. Ufaransa na Uholanzi wana majedwali: una miruko kadhaa, basi usishuke chini ya ukubwa kadhaa, upende usipende. Marekani mengi huachwa kwa kituo na mrukaji mwenyewe. Tena hesabu ile ya 2023 inawachanganya pamoja mtalii aliyeruka mara moja kifuani mwa mwalimu na bwana wa futi 97. Hao hawachezi mchezo mmoja.

Nilimuuliza mgeni kama anamjua mtu aliyekufa. Akasema wanajuana wote, kila mmoja anaye wake. Kisha akanieleza desturi yao ambayo niliisikiliza kwa makini. Mtu akifa, taarifa huandikwa: alikuwa na miruko mingapi, kitambaa cha futi ngapi, upepo ulikuwaje, aligeuza akiwa kimo gani. Wenzake huisoma mstari kwa mstari. Na kila anayesoma, aliniambia bila aibu, anatafuta lile kosa ambalo yeye asingelifanya. Akilipata, analala. Asipolipata, wiki ile haruki.

Sisi mtaani msiba ukitokea baharini hatuandiki. Tunasema ajali haina kinga, tunasema siku yake ilifika, tunazika kama mwili umepatikana. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama njiani kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na haikutimia hata mwaka, Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama ikitokea Dar es Salaam. Waliopanda hawakuwa watafuta msisimko. Walikuwa wanarudi kwao, wengine mara tu baada ya sikukuu. Lakini nakumbuka namna watu wazima walivyoyazungumza yale, na namna ambavyo miezi michache baadaye tulikuwa tunasongamana tena bandarini bila kuangalia maboya yako wapi. Mrukaji hujitenga na kifo kwa kutafuta kosa la marehemu. Sisi hujitenga nacho kwa kukataa kutafuta kosa lolote. Kwa imani yangu siku imeandikwa, hilo silibishi na mtu. Ila hata Mtume alisema ngamia afungwe kwanza ndipo mtu amtegemee Mungu, na uzito wa abiria ni kitu kinachogawika kwa ukubwa wa chombo, ratili kwa futi, vilevile.

Kwenye kaiti nimeyaona yote haya kwa ufupi, na kwa macho yangu. Ndugu wawili wa Brittany, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya kaiti ya kujaza upepo mwaka 1984. Zile zilizotoka kwenye wazo lao miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zilikuwa na mvuto usiozimika vizuri. Dhoruba ikikukuta umeshikwa, umeshikwa. Kuanzia kama mwaka 2005 zikaja zenye umbo la upinde, ambazo ukisukuma fimbo mbele karibu mvuto wote unakwisha. Sasa kuna hata kiwango cha kimataifa cha kifungo cha kujiachia, ISO 21853 ya mwaka 2020. Kaiti ninazoshona leo ni salama mara nyingi kuliko zile za kwanza zilizofika Paje. Na wenye kaiti hizo salama wanafanya nini? Wanatoka kwenye upepo ambao zamani tungekuwa tumekaa vibandani tukinywa chai, wanajirusha juu ya minazi, na mabingwa wa ng'ambo wamevuka mita 30 kwenda juu. Kiunoni hawana parachuti.

Tofauti yetu na wa angani ni kwamba hatari yetu humwangukia na mwingine. Mrukaji akikosea kwa kawaida hujiumiza mwenyewe. Kaiti ina kamba nne au tano za mita 20 na zaidi, nyembamba, na zikikaza hukata nyama. Maji yakitoka, wanawake wako chini palepale kwenye mashamba ya mwani, wameinama, migongo kwa upepo. Shangazi yangu ni mmoja wao. Hajapanda kaiti maishani mwake lakini hatari yake anaijua kuliko mtalii aliyelipia somo, na hakuna anayemwandikia taarifa.

Mwanawe, kijana anayefundisha kaiti, ndiye aliyenifanya nirudi kwenye habari hizi baada ya mgeni kukunja chake akaondoka. (Alikuwa na mpasuko mdogo karibu na mshono wa chumba cha pembeni. Nilikataa kuushona, ingawa ni kazi ya dakika kumi, na yeye alifurahi nilivyokataa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye cheti chake.) Kijana ameweka pesa, anataka kwenda Diani kusomea kuruka. Shangazi akaja kwangu kwamba mimi ndiye mkubwa, nimkataze.

Sikumkataza. Nilimweleza shangazi mambo niliyoyaelewa, polepole, na nilitarajia aulize kuhusu ndege, au itakuwaje isipofunguka. Nikamweleza na habari ya kitambaa kikubwa cha wanafunzi. Akanyamaza, akafikiri, akauliza: "Hicho kikubwa atakaa nacho mpaka lini?"

Swali hilo mgeni wangu mwenye miaka yote ile angani sikumsikia akijiuliza. Nikamwita kijana. Tukampima uzito kwenye mizani ya mwani: kilo 61, ambazo ni ratili 134, ongeza mkoba, karibu 160. Nikamwambia, ukishamaliza masomo, kwa miaka yako ya mwanzo usishuke chini ya futi 170, na kabla ya kupunguza hata hatua moja umpigie mama yako simu umwambie umeshajua kufanya nini na hiyo uliyo nayo: kutua upepo ukiwa mgongoni, kugeuka ukiwa chini bila kuzamisha bawa, kutua mahali padogo penye watu.

"Sawa, kaka," akasema. "Ila mia hamsini nayo si mbaya, na kuna mtu anauza ya mkono wa pili." Shangazi akamwambia arudi juu ya mizani.